Verdicchio ya Nyuzi Tisa, Kutoka Tandale Hadi Chamazi

Wenzangu wa kwaya, mmeniuliza kwa zamu, na wengine mmemuuliza mke wangu kwa kunipitia pembeni: ilikuwaje mtu ambaye hajawahi kuonja pombe aonekane Jumamosi kwenye bajaji amekumbatia chupa ya mvinyo, kisha Jumapili aje mazoezini akinuka pweza? Nitaeleza mara moja tu, kwa mpangilio, nikiwa na daftari langu mbele yangu ili nisiongeze wala kupunguza.

Kazi yangu mnaijua. Ni fundi friji, hapa Tandale, mwaka wa ishirini na sita sasa. Chuo sikusoma. Nilijifunza kwa kufungua mashine zilizokufa na kusoma kila karatasi niliyoikuta ndani ya boksi. Jambo la kwanza nililojifunza, ambalo wateja wengi hawaliamini, ni kwamba friji haitengenezi baridi. Friji inatoa joto ndani na kulitupa nje, basi. Naomba mlikumbuke hilo tutakapofika Chamazi.

Mpwa wangu Elia, mtoto wa dada yangu Tabitha, anataka kumwoa Grasiana, binti wa Mzee Aloyce. Mzee Aloyce ni mtu wa Rombo, mpishi mstaafu. Kwa miaka kumi na moja alimpikia mhandisi wa Kitaliano kwenye kambi ya ujenzi wa barabara. Katika orodha ya vitu vya posa, chini ya blanketi la bibi na kanga za mama, aliandika kwa mkono wake: "Mvinyo mweupe wa Kitaliano, Verdicchio, chupa moja, iletwe ikiwa ya baridi." Ujumbe wa kwanza, ulioongozwa na baba mdogo wa Elia, ulipeleka mvinyo mwekundu mtamu. Mzee aliutazama, akawapa wageni chai, akawarudisha. Alisema atapokea ujumbe wa pili, na wa tatu hatausikiliza.

Ndipo nikateuliwa mshenga. Ufasaha haukuhusika. Walimtafuta mtu wa baridi.

Nilipewa wiki tatu nikazitumia kusoma. Verdicchio ni zabibu ya vilima vya Marche, upande wa Italia unaotazama mashariki, karibu na bahari. Mvinyo wake una ukali wa ndimu na tufaha bichi, na mwishoni unaacha uchungu mdogo wa lozi. Lozi mtaani kwetu hakuna, lakini aliyewahi kupasua kungu kwa jiwe akatafuna mbegu pamoja na ngozi yake ataelewa. Unanywewa kwa nyuzi nane hadi kumi. Unakwenda na samaki wa kuchoma, ngisi, pweza, kuku wa majani ya viungo, na sungura. Pilipili kali inauharibu. Chupa yetu ilikuwa ya umbo la kizamani, ya kijani, yenye kiuno kama mtungi. Hiyo nayo niiandike mapema, kwa sababu kiuno hicho kilinigharimu.

Tandale hadi Kigogo

Miadi ilikuwa saa kumi alasiri. Niliamua tuondoke saa nne asubuhi, na dada Tabitha akasema hata Morogoro tungefika. Ni mwalimu wa shule ya msingi na ana tabia ya kusahihisha watu, hata wakubwa zake.

Nilikuwa nimeandaa deli, lile boksi la kuhifadhi ubaridi, na mapande kumi na mawili ya barafu. Asubuhi hiyo jirani yangu wa ukuta wa pili alifiwa. Watu wa msiba walikuja kuomba barafu ya maji ya kunywa waombolezaji, na hakuna namna mtu anaweza kumwambia mfiwa kwamba barafu yake ni ya mvinyo. Nikabaki na mapande mawili. Kipimajoto changu, chenye waya mrefu wa kuingiza ndani ya friji, kilisoma nyuzi tisa. Nikaandika.

Bajaji ilikuwa ya Selemani, Mzaramo mtu mzima, jirani yangu wa siku nyingi. Aliliangalia deli kama lina nyoka.

"Fundi, mie sikatai abiria," alisema. "Lakini hiyo kitu sibebi. Ibebe wewe mapajani, mie nakubeba wewe. Siku ya kuulizwa nitajua pa kusimama."

"Na mimi nimebeba kanga na blanketi," dada akasema. "Hizo utabeba au nazo zina dhambi?"

"Blanketi lipite, dada yangu. Blanketi halijawahi kumkosea mtu."

Tulifika Kigogo tukakuta barabara imezibwa na harusi ya watu wengine. Matarumbeta yalikuwa juu ya gari dogo la mizigo, na nyuma yake kinamama wa sare wakicheza hatua mbili mbele, moja nyuma. Nilipiga hesabu: kwa mwendo huo, mita mia tatu zingechukua dakika arobaini. Zilichukua arobaini na tano. Kipimajoto kilipanda hadi kumi na mbili, kisha kumi na nne.

"Wenzetu wanaoa," dada alisema akitazama nje, "sisi tunapima homa ya chupa."

Buguruni

Barafu ilikuwa imeyeyuka yote. Selemani alitupeleka sokoni, upande wa samaki, kwa mama mmoja anayeitwa Bi Mwanahawa, ambaye alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikamwamkia, nikamwomba barafu.

"Barafu siuzi."

"Lakini unayo, mama."

"Ninayo ya samaki. Ukitaka barafu, chukua kinacholala kwenye barafu."

Changu walikuwa wamekwisha. Alibaki pweza mmoja, mkubwa, wa kijivu. Nilifungua daftari, ukurasa wa vyakula, nikamkuta pweza mstari wa tatu. Sitaficha kwamba nilifurahi. Mara chache kitabu na soko vinakubaliana namna hiyo.

"Nampeleka kwenye shughuli ya kijana wetu," nilimwambia. "Tunakwenda kuposa."

Bi Mwanahawa aliacha kufunga mfuko. Akamtazama Selemani, Selemani akatazama juu. "Kijana huyo ana wazee wanaojali," alisema, akaniongezea barafu bila kuombwa.

Najua mnachofikiri. Mimi pia nimeishi Dar miaka yote hii, na nimepita mara nyingi mbele ya masufuria ya supu ya pweza jioni, nikawaona wanaume wanavyokunywa wakiwa wamesimama, bila kutazamana. Sifa ile naijua. Ila sikuwahi kuona ushahidi wake kwenye maandishi, kwa hiyo sikuihesabu. Akilini mwangu pweza alikuwa wa mvinyo. Nilimlaza ndani ya deli, chupa ikiwa juu yake, barafu pande zote, na tulipofika Tazara kipimajoto kilikuwa kimerudi nyuzi tisa.

Rangi Tatu

Dada alisema hafiki ukweni na njaa, asije akaonekana mroho wa kula. Tuliketi kwa mama ntilie mmoja pale Mbagala Rangi Tatu, mimi nikiwa nimekalia deli. Mama aliuliza ndani kuna nini, nikamwambia. Akauliza mvinyo huo unaliwa na nini.

Ni swali zuri, na hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kwa wiki tatu. Nikamwomba anitajie alivyopika.

"Wali maharage."

"Maharage yanaweza, yakiwa na limau na mafuta kidogo."

"Dagaa wa kukaanga."

"Hao sana. Wale wadogo, wakavu, wa chumvi. Wangefaa kuliko chochote hapa."

"Ng'ombe rosti."

"Hapana."

"Kwa nini hapana?" Sauti ilitoka kwa mteja wa meza ya pili, aliyekuwa amejaza mdomo rosti.

Nilimweleza kwamba mvinyo mwepesi mbele ya mchuzi mzito unapotea, kama sauti ya kwanza ya kwaya mbele ya besi mbili zisizojizuia. Akasikiliza, akameza. "Umeunywa mara ngapi?" aliuliza.

"Sijawahi. Mimi situmii."

Meza zote tatu zilinigeukia. "Basi mzee wangu," yule mtu alisema kwa upole, "kula maharage yako."

Kutoka hapo hadi Chamazi barabara ya ndani ina mchanga na makorongo. Bajaji ilirukaruka kwa nusu saa. Selemani alituuliza mara mbili kama kweli tunampeleka yule mnyama kwa wakwe, na mara zote mbili nikamjibu kwa habari za Verdicchio. Aliacha kuuliza.

Sebuleni, Chamazi

Tulipokewa saa kumi kasoro dakika tano. Mzee Aloyce alikuwa amevaa suti ya kahawia. Kulikuwa na mkewe, Mama Grasiana, aliyekulia Tanga, na wazee watatu wa ukoo ambao hawakusema neno siku nzima. Na kulikuwa na dada yake Mzee, Shangazi Apolonia, ambaye alisema kwa niaba yao.

Mnajua utaratibu. Wenyeji wanajifanya hawajui kilichowaleta wageni.

"Karibuni," Shangazi alianza. "Wewe si ndiye fundi friji? Friji letu halina shida."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya ua na bustani, lakini alikuwa amenitoa kwenye mstari. "Shangazi," nikasema, "tuna friji letu, zuri, jipya, linatafuta nyumba yenye umeme."

Dada Tabitha alifumba macho.

"Tuone kwanza orodha," Shangazi alisema.

Blanketi likapita. Kanga zikafunuliwa, zikasomwa maandishi, zikapita. Nikaburuta deli katikati ya zulia, nikatangaza nyuzi tisa, nikafungua kifuniko.

Makorongo ya Chamazi yalikuwa yamefanya kazi yake. Pweza alikuwa amepanda juu, mkono mmoja umezunguka kiuno cha chupa mara moja na nusu, mwingine umelala begani mwa chupa. Walionekana kama watu waliopigwa picha ya ukumbusho.

"Yesu na Maria," Shangazi alisema taratibu. "Hicho ni nini?"

"Pweza, Shangazi."

"Kule kwetu kitu chenye miguu minane tunakiua kwa ndala."

Mama Grasiana alikuwa amejifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yanatikisika.

"Wifi, unacheka nini?"

"Huku pwani, wifi, hicho ni chakula cha wanaume."

"Kwani wanawake hawali?"

"Wanakula. Lakini wanaume wanakula kabla."

Shangazi alinigeukia. "Kwa hiyo kijana wenu ana tatizo, mkaona mtuambie mapema."

"Hapana, Shangazi. Pweza ni kwa ajili ya mvinyo."

"Mvinyo nao una tatizo?"

"Mwanangu hana tatizo lolote," dada Tabitha alisema kwa sauti ya darasani.

"Umejuaje?"

Mzee Aloyce ndiye aliyetuokoa. Alikuwa hamwangalii pweza wala sisi. Alikuwa anaangalia chupa. "Ni yenyewe," alisema. "Umbo lake ni lile lile." Akainuka, akafungua kabati la vyombo, akatoa kizibuo cha chuma na glasi moja yenye mguu, iliyofungwa kwenye gazeti. Alizibua bila kelele, kama mtu aliyefanya hivyo maelfu ya mara, akamimina vidole viwili. Glasi ikatoa jasho. Wazee watatu wakasogea mbele kwenye viti.

Akanywa. Akashikilia mdomoni. Akameza, akatazama chupa tena, na uso wake ukawa wa mtu aliyebisha hodi kwake akafunguliwa na mgeni.

"Siyo hii," alisema.

Dada Tabitha alinishika mkono, na nilihisi kucha zake zote tano. Ujumbe wa tatu haukuwepo.

Jikoni

Friji ikiletwa kwangu, simuulizi mwenyewe imeharibika nini. Watu hawajui. Namuuliza: mara ya mwisho ilifanya kazi lini, na ilikuwa imewekwa wapi? Nilitaka kumuuliza Mzee hivyo hivyo, pale pale, na nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kitu fulani kilinizuia. Alikuwa ameiweka glasi chini kwa uangalifu mkubwa mno, huku mkewe akimtazama.

Badala yake niliirudisha chupa kwenye barafu, nikasema pweza hatadumu humo, na kwamba nimesikia kumpika kuna ufundi wake. Mzee wa watu ni mpishi. Aliposikia Shangazi akisema watamtupia mbwa, alivua koti.

Jiko lao liko uani. Alimsugua pweza kwa chumvi, akamweka kwenye sufuria na maji kidogo, kisha akatoa kizibo cha ile chupa mfukoni akakitupia humo.

"Mhandisi alisema kizibo kinalainisha," alieleza. "Sijui kama ni kweli. Sijawahi kupika bila hicho."

Tulikaa kwenye vigoda. Ndipo nikamuuliza: "Mzee, mara ya mwisho uliinywa wapi, na ilikuwa saa ngapi?"

Alikoroga kitu kisichohitaji kukorogwa. "Nikishatoa vyombo," alisema.

"Baada ya mhandisi na wageni wake kula."

"Baada ya wao kula, na kuongea, na kuvuta sigara. Ijumaa, siku ya samaki. Inatoka kwenye ndoo ya barafu, nawamiminia, nasimama nyuma. Miaka kumi na moja. Kinachobaki kwenye glasi nakimalizia jikoni." Alipunguza moto. "Mke wangu anajua nilikuwa nakunywa na mhandisi mezani. Nilimwambia hivyo nilipomposa. Nikaandika iwe ya baridi, maana mhandisi alikuwa anaitaka ya baridi. Nilikuwa naitamani ile baridi, fundi. Leo nimeipata na siijui."

Mimi si mwepesi wa maneno. Nilisimama, nikarudi sebuleni, nikachukua glasi ikiwa na mvinyo wake, nikaitoa uani na kuiweka juu ya ukuta mfupi, jua la alasiri likiipiga ubavuni. Nikaingiza waya wa kipimajoto. Nyuzi kumi na tatu.

Shangazi alitokea mlangoni. "Unafanya nini na mvinyo wetu?"

"Kwa vipimo vyangu, Shangazi, bado haujafika kwenye joto lake."

Hilo lilikuwa kweli kabisa, na liliniwezesha kumtazama machoni.

Tulisubiri. Dada Tabitha alikuja kuuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia asome namba. Kumi na nane. Pweza alianza kunukia. Ishirini na mbili. Wazee watatu walitoka na viti vyao, mmoja mmoja, wakakaa kuizunguka glasi kama watu wanaosikiliza mpira redioni. Selemani naye alikuja kutoka kwenye bajaji, akasimama mbali na glasi na karibu na sufuria. Miaka ishirini na sita nimekuwa nikifukuza joto. Siku hiyo nilikaa kwenye kigoda nikiliombea lije.

Kwenye nyuzi ishirini na saba nikatoa waya, nikaifuta glasi, nikampa Mzee pamoja na kipande cha pweza kilichokamuliwa ndimu.

Alitafuna kwanza. Halafu akanywa. Alikaa muda, na nikajua ule uchungu wa mwishoni umefika, kwa sababu alitikisa kichwa kama mtu anayeitikia jina lake.

"Ndiyo hii," alisema.

Kisha akasimulia. Nisingeyaandika haya yote kama mwenyewe asingeyasema, pale uani, mbele ya mkewe na dada yake na wale wazee: vyombo, glasi, mabaki, miaka kumi na moja. Alipomaliza, Mama Grasiana alimsogezea sahani ya pweza.

"Nilikuwa najua," alisema. "Mtu anayekula mezani na mabosi hajui kuosha glasi kama unavyoziosha wewe. Lete mkono wako, ule pweza."

Mzee akanigeukia. "Chupa bado iko kwenye barafu?"

"Iko. Nyuzi tisa."

"Nimiminie na ile. Ya bwana mkubwa. Niijue."

Nilimmiminia, nikiwa nimesimama. Akavuta kigoda kwa mguu, akanionyesha nikae kwanza ndipo anywe. Nikakaa. Alikunywa polepole, akasema ni kali, akasema ina ndimu ambayo hakuwahi kuikuta, akasema atahitaji muda kuizoea. Dada Tabitha akaomba kidogo kwenye kikombe, kwa ajili ya uhakika, akakizungusha kikombe kabla ya kunusa. Sikumuuliza alikojifunzia.

Shangazi Apolonia alikuwa amekula vipande vitatu vya pweza akidai anaonja chumvi. "Mwambieni kijana wenu tumepokea," alisema. "Na mwambieni kwamba huyu mnyama tumemla sisi. Yeye atajitegemea."

Kurudi

Harufu mliyoinusa Jumapili ilitokana na chupa ya chai iliyojaa supu, aliyonifungia Mama Grasiana, ambayo Selemani alinimwagia nusu mapajani kwenye makorongo yale yale. Nusu iliyobaki aliomba aionje, kwa sababu pweza, alisema, hajawahi kukatazwa popote. Mvinyo mimi sikuonja, na yeyote anayesema vinginevyo aje asome daftari.

Harusi itakuwa baada ya Pasaka, na kwaya imealikwa kuimba. Mzee Aloyce amenikabidhi mimi upande wa vinywaji. Safari hii ameandika chupa mbili: moja niilaze kwenye barafu, na nyingine niiache mezani, nisiiguse.